Mabomu yaleyale: kitabuni yalizama bure, kwenye sinema yakalipua meli. Watu wa Kigoma njooni

#1 Karabai la Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite salama, asije kunidai muhtasari.

Kuna kipindi nilikaa mapokezi kwenye gesti moja hapa mjini, enzi ambazo wazungu walikuwa wanakuja Kigoma kwa ajili ya kupanda Liemba tu. Gombe hawaitaki, sokwe hawana habari nao, wanachouliza ni meli inaondoka lini. Wengi wao walikuwa na kitabu kilekile, The African Queen cha C.S. Forester, na mmoja alikiacha chini ya mto pamoja na soksi moja. Soksi niliitupa. Kitabu nilikaa nacho zamu za usiku, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga na kamusi ya mtoto wa dada, mpaka kikaisha. Juzi huyohuyo mtoto wa dada, sasa hivi mtu mzima, kanitumia filamu yake, ile ya John Huston ya mwaka 1951. Tumeiangalia kwenye simu, chaji ikakata karibu na mwisho. Sikujali sana, mwisho naujua, nimeusoma mara tatu. Kulipokucha tukawasha tena, na mwisho haukuwa ule.

Kwa ambao hawajakutana nayo: kitabu ni cha 1935, habari ni za Vita Kuu ya Kwanza. Rose Sayer ni dada wa mmisionari wa Kiingereza. Kaka yake anafariki, anabaki yeye na fundi mmoja, Charlie Allnut, mwenye kimashua kibovu cha mvuke kinachoitwa African Queen. Rose anapata wazo la kichaa: washuke na mto mpaka ziwani, wakailipue meli ya Wajerumani inayotamba huko. Forester meli kaiita Königin Luise, na ziwa kalipa jina la ukoo wa kifalme wa Kijerumani, Wittelsbach. Lakini wewe mtu wa Kigoma huhitaji kuchorewa ramani. Meli kubwa ya Mjerumani, ziwa refu, wakati wa vita ile: ni Graf von Götzen, hii hii tunayoiita Liemba.

Sasa hoja. Shuleni tuliambiwa motifu ni kitu, tendo au picha inayojirudia kwenye hadithi mpaka inaanza kubeba zaidi ya uzito wake. Kwenye hadithi hii motifu kubwa, kwa macho yangu, ni kuharibika na kutengeneza. Kila baada ya kurasa kadhaa kitu kinavunjika. Shafti inapinda, propela inakatika bapa, na watu wawili wasio na karakana wanawasha moto ufukweni wanaifua upya. Halafu yanakuja mabomu: mitungi ya gesi inajazwa baruti, vichwani vinatengenezwa viwashio kwa mbao, misumari na risasi. Forester hana haraka hapo. Anakuelezea msumari unakaa wapi, nani anashika nini, Rose anawaza nini. Ukimaliza kusoma unahisi mikono yako ina masizi.

Halafu wanafika ziwani, usiku wa shambulio, dhoruba inapiga, kimashua kinazama. Basi. Mabomu hayakugusa chochote. Wanakamatwa, na kapteni wa Kijerumani anawaonea huruma, anawakabidhi kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe. Meli inakuja kuzamishwa baadaye na boti za kijeshi za Waingereza zilizoletwa kwa kazi hiyo, kama vile hawa wawili hawakuwahi kuwepo. Mwandishi anafunga kwa kusema kama waliishi raha mustarehe au la, si rahisi kuamua. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya tatu nikaona hapo ndipo kitabu kilipo: kazi yote ile haikuizamisha meli, ilichofanya ni kumtengeneza Rose. Kilichofuliwa upya ufukweni ni yeye.

Kwenye sinema je? Kila kitu kipo. Shafti ipo, mitungi ipo, dhoruba ipo, kimashua kinapinduka. Tofauti ni kwamba safari hii hakizami chini, kinabaki kikielea kichwa chini miguu juu na mabomu yake yametoka puani. Wenyewe wamekamatwa, wamehukumiwa kunyongwa, Charlie anaomba kapteni awafungishe ndoa kwanza, kapteni anawafungisha, kitanzi kinasubiri, mara meli yenyewe inakwenda kujigonga kwenye kile kimashua. Mlipuko. Maharusi wanaogelea wanaimba.

Mtoto wa dada akapiga makofi. Mimi nikanuna. Kutwa nzima nikawa najiuliza kwa nini nimenuna, na nilichokipata ndicho nimekileta hapa.

Nadhani kitu kilichoonyeshwa kwa macho kinaweka deni ambalo kitu kilichosimuliwa hakiweki. Forester ana uwezo wa kukaa kichwani mwa Rose kurasa ishirini, kwa hiyo bomu likizama bado kuna mtu wa kumfuata. Kamera haiingii kichwani. Huston alituonyesha mitungi, misumari, mikono, uso wa Katharine Hepburn, aliyecheza Rose, umetoka jasho. Ukimwonyesha mtu bomu kwa muda wote huo, halafu ukalizamisha kimya kimya, ataanza kudai kiingilio chake. Kwa hiyo motifu ya kutengeneza, ambayo kitabuni ilikuwa inamlipa mtu ndani, kwenye sinema ilibidi ilipe nje, kwa moshi.

Angalieni pia zile chupa. Kote kuwili Rose anamwaga pombe kali ya Charlie mtoni. Kitabuni kinachouma ni ukimya baada ya hapo, mwanamke amegoma kuongea na siku haziishi. Kwenye sinema kinachouma ni chupa tupu zinazoelea nyuma ya boti, na Humphrey Bogart, aliyecheza Charlie, anaziangalia zikienda kama mtu anayesindikiza jeneza. Tendo lilelile, lakini maumivu yamehamishwa kutoka kwenye muda kwenda kwenye picha.

Simaanishi kwamba sinema ni mbaya. Bogart alipata Oscar kwa kazi ile na anastahili. Kuna mahali anapiga teke pampu ya injini kila ikigoma, kwa sababu mtoto mmoja aliwahi kudondosha bisibisi ndani. Rose anamuuliza kwa nini asiitoe. Anajibu kwamba angeweza, ila anapenda kulipiga lile teke. Kila fundi wa boti pale Kibirizi ninayemjua yuko hivyo.

Karibuni.

#2 Mgebuka Mbichi

Nimeweka kambi. Wajuzi wakija nishtueni.

#3 Mzee wa Reli

Mleta uzi nakusalimu. Naongeza machache ili vijana wasije wakadhani filamu ile ilipigwa hapa. Ilipigwa Kongo ya Mbelgiji wakati huo, na Uganda. Ziwa Tanganyika halimo hata tone. Na huyo Charlie kwenye kitabu ni Mwingereza wa mitaa ya London, yule anayeongea lafudhi ya kina yakhe wa kule. Bogart lafudhi ile ilimshinda, wakamgeuza Mkanada. Kwa hiyo ukitafuta motifu iliyopotea, anza na hiyo: kitabuni mwanamke wa kanisani na fundi wa mtaani hawafanani hata wanavyofungua mdomo, na kila neno linawakumbusha hilo. Kwenye filamu wamebaki kutofautishwa na nguo na ndevu.

Na meli yenyewe ilikuja na reli, msisahau. Imeundwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikashushwa Dar es Salaam, ikaja na treni. Reli imefika Kigoma 1914. Meli ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Hayo makasha peke yake ni sinema.

#4 Mwalimu Mstaafu, Ujiji

Karabai, umeandika vizuri. Nafikiri nimewahi kukufundisha, maana hiyo fasili ya motifu ni ya ubaoni kwangu, hata makosa yake.

Hoja yako ya deni naikubali nusu. Nina swali. Motifu isiyoonekana sinema inaifanyaje?

Chukua mfano wa nyumbani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999. Nimeifundisha kidato cha tano na sita miaka mingi kiasi kwamba ningeweza kuisahihisha nikiwa usingizini. Amil Shivji akaitengenezea filamu, ikaonyeshwa Toronto 2021. Sasa motifu kuu ya riwaya ile iko kwenye jina: kuvutana. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, ameozwa mwanamume mzee. Mila zinamvuta huku, moyo unamvuta kule. Denge anavutana na serikali ya kikoloni. Kila sura kuna mtu ameshika upande mmoja wa kamba. Lakini kamba yenyewe haipo! Hakuna mahali pa kuelekeza kamera. Msomaji anaihisi kwa sababu jina la kitabu liko kwenye jalada na kila akikifunga analiona.

Filamu imefanya nini? Imebana. Riwaya ina watu tele na mizunguko tele; filamu imekaa zaidi na Yasmin na Denge, mapenzi ndani ya siasa za miaka ya hamsini. Wanafunzi wangu wa zamani walinipigia simu wakilalamika "mwalimu wamekata nusu ya mtihani". Mimi sikulalamikia kukata. Nililalamikia kwamba kuvutana kwa watu wengi kumekuwa kuvutana kwa watu wawili na askari. Kamba imekuwa fupi.

Lakini kuna jambo moja filamu imenishinda, nakiri. Mwajuma, shoga yake Yasmin, mpenzi wa taarabu. Kitabuni nilikuwa nawaambia watoto "hapa Mwajuma anaimba", na darasa zima la Ujiji linaandika "Mwajuma anaimba". Kwenye filamu kachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli. Akifungua mdomo, unaelewa kwa nini Yasmin hakurudi kwa mumewe. Huo wimbo haukuonyeshwa kwa macho, Karabai. Umesikika. Deni lake linaandikwa daftari gani?

#5 Karabai la Kibirizi (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu. Ndiyo, ni mimi, yule wa dawati la nyuma dirishani.

Umenibana. Ngoja nikiri: nilisahau sikio. Na nilivyo mjinga, bibi yangu mwenyewe alikuwa anatusimulia ngano ambazo mhusika akifika kisimani lazima aimbe, na sisi tunaitikia, na tulikuwa tunajua balaa limekaribia kwa jinsi bibi alivyobadilisha sauti kwenye kiitikio kilekile. Maneno yaleyale. Hakuna picha yoyote, giza na moto wa kuni tu. Na tulikuwa tunadai! Akiruka kiitikio tunagoma kulala.

Kwa hiyo nirekebishe: deni halitokani na macho, linatokana na mwili. Kitu kikigusa jicho au sikio lako moja kwa moja, kinataka kurudi. Kitu ulichokisoma umekitengeneza mwenyewe kichwani, na chako mwenyewe huwezi kukidai sana.

Ila kwenye kamba fupi sikubali haraka hivyo. Saa moja na nusu, mbili, unaweza kushika kamba ngapi?

#6 Mwalimu Mstaafu, Ujiji

Marahaba. Dawati la nyuma, na kweli ulikuwa unachungulia dirishani.

Unaweza kushika kamba nyingi kama hukimbii. Lakini nakuachia.

#7 Chupa ya Mawese

Watu wanahangaika na bei ya dagaa nyinyi mnajadili mabomu ya mwaka 1914. Nchi hii ina raha.

#8 Mgebuka Mbichi

Chupa ya Mawese na wewe si umesoma mpaka hapa? Kaa chini.

#9 Kibanda Umiza

Mimi sikusoma vitabu, nimesoma kibanda. Mwanga, benchi la mbao, jenereta nje, shilingi zetu mkononi. Nyinyi mnasema kitabu na sinema, kwetu kulikuwa na kitu cha tatu: mtafsiri. Yule jamaa aliyekuwa anaongea juu ya muvi nzima, anawapa waigizaji majina ya mtaani, anacheka peke yake.

Siku wameweka The Godfather. Mtafsiri wetu alikuwa ameiona labda mara kumi. Mzee Corleone, yule bosi wa majambazi, anakwenda kununua machungwa barabarani, jamaa akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, mkiona chungwa, jiandaeni kuna mtu." Mzee akapigwa risasi, machungwa yakatawanyika. Kibanda kikapiga kelele. Kuanzia hapo ikawa kila chungwa likionekana mezani, watu sitini tunashika vichwa. Mzee anakuja kufa bustanini anacheza na mjukuu, ganda la chungwa mdomoni kama meno ya zimwi, mtu mmoja nyuma akalia kabisa "niliwaambia, niliwaambia!"

Baadaye sana nikakutana na mtu aliyesoma kitabu kilichozaa ile sinema, cha Mario Puzo, 1969. Akaniambia kitabuni mzee anafia bustanini kweli, lakini hilo ganda la chungwa halimo. Na nilivyokuja kusoma mtandaoni, aliyepamba ile sinema, Dean Tavoularis, machungwa aliyaweka kwa sababu picha zilikuwa na giza, alitaka rangi ya kung'aa. Basi. Hakuna kifo, hakuna nini.

Sasa mleta uzi nikuulize. Hili deni aliweka nani? Mwandishi hakuweka. Mpambaji hakuweka. Ni sisi wa kibandani tuliokwenda kudai, na likalipwa!

#10 Karabai la Kibirizi (mleta uzi)

Mkuu Kibanda, hapo umeniacha na mdomo wazi. Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza.

Na naona hii ni faida ya kukaa sitini kwenye benchi. Msomaji wa kitabu yuko peke yake, motifu akiikosa imepotea. Kibandani mmoja akiiona wote tumeiona.

#11 Binti wa Gungu

Naomba niingie, mimi ni mtu wa sinema za kutisha, msinihukumu.

Nadhani mfano unaoibeba hoja ya kaka Karabai vizuri zaidi ni The Shining. Kitabu cha Stephen King, 1977. Filamu ya Stanley Kubrick, 1980. Baba, mama na mtoto wanalinda hoteli milimani msimu wa baridi, hoteli ina mambo yake.

Kitabuni kuna boila kuukuu kule chini. Baba anaambiwa mwanzoni kabisa: presha inapanda, lazima uipunguze kila siku, ukisahau imekula kwenu. King analirudia hilo boila mara kwa mara, na unajua fika kwamba si boila tu, ni huyo baba mwenyewe, mlevi aliyeacha pombe, hasira inapanda kidogo kidogo. Mwisho anasahau. Hoteli inalipuka na kuungua, naye ndani.

Kubrick hakulipua boila. Kwenye filamu unamwona mama akilikagua, sekunde chache, imepita. Badala yake kuna bustani ya njia za kupotea, ile ya ukuta wa majani. Kitabuni haipo kabisa, kule kuna wanyama waliokatwa kwa majani ambao wanasogea ukiwapa kisogo. Kubrick anakuonyesha hiyo bustani mapema: mama na mtoto wanatembea ndani wakicheka, huku baba anaangalia mfano wake mdogo mezani. Mwisho baba anamfukuza mtoto humohumo usiku kwenye theluji, mtoto anarudi kinyumenyume juu ya nyayo zake mwenyewe na kutoroka, baba anaganda akiwa amekaa. Moto umekuwa barafu.

Kwa hiyo kwa lugha yenu: Kubrick hakukataa kulipa deni, alikopa kwa mtu mwingine. Alijua boila hatalipa, ndiyo maana hakuliwekea kamera. Bustani aliiwekea kamera, akailipa yote.

King alichukia. Mwaka 1997 akasimamia toleo la televisheni, wanyama wa majani wakarudi. Nimeliona pia. Wanyama wale kitabuni walininyima usingizi wiki nzima. Kwenye televisheni nilikuwa nakula mihogo naangalia tu. Kuna vitu vinatisha kwa sababu hujaviona vikisogea.

#12 Mzee wa Reli

Binti umeeleza. Nakubali kwa shingo upande maana sinema hizo sizitazami, moyo.

#13 Msafiri wa Tabora

Wakuu msizidishe falsafa. Kuna wakati sababu ni mitambo tu. Kile kitabu cha watoto cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, The Wonderful Wizard of Oz: viatu vya Dorothy ni vya fedha. Filamu ya 1939 viatu vikawa vyekundu vya kumetameta. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa na teknolojia ya rangi, Technicolor, na kiatu cha fedha kisingependeza. Hakuna deni hapo, kuna mtu wa kamera. Na leo duniani ukisema viatu vile, kila mtu anaona vyekundu. Fedha imesahaulika.

#14 Karabai la Kibirizi (mleta uzi)

Msafiri, naona umekuja na treni ya usiku. Karibu Kigoma.

Sikatai. Lakini angalia kilichofuata. Ukishaamua viatu ni vyekundu, kila tukio inabidi vionekane, kamera inavirudia, yule mchawi anavikodolea. Rangi ilianza kama urembo ikaishia kuwa uti wa mgongo. Ni kama machungwa ya Kibanda. Sababu ya kitu kuingia kwenye sinema na kazi kitakayoifanya kikishaingia ni mambo mawili.

#15 Fundi Boti wa Katonga

Nimesoma yote. Mimi siyo mtu wa kuandika, mnivumilie.

Mleta uzi umesema kitabuni meli ilizamishwa na Waingereza, kwenye sinema ikalipuka. Mbona hakuna anayesema meli yenyewe ilifanywaje? Götzen haikuzamishwa na adui. Ni kweli Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikapandishwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini mpaka ziwani. Zikaiteka boti ya Wajerumani, Kingani, mwisho wa 1915 na kuizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann, mwanzoni mwa 1916. Götzen hazikuigusa. Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe. Na kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka injini grisi. Grisi nzito, kila mahali.

Mimi ni fundi. Nimeondoa injini kwenye boti zilizolala majini miezi mitatu nikalia. Mtu anayepaka grisi injini anayoizamisha ni mtu anayetarajia kurudi. Wabelgiji walijaribu kuiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua 1924, wakakuta injini inafaa. 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Miaka minane chini ya maji.

Nimeuliza tu: mwandishi alikosaje hiyo? Mnasema motifu ya kutengeneza. Hiyo siyo?

#16 Mwalimu Mstaafu, Ujiji

Fundi, kaa hapohapo usiondoke.

Nimefundisha fasihi miaka thelathini na kitu na sijawahi kuliona hilo. Forester aliandika watu wanaotengeneza ili kuharibu. Huston akafuata hapohapo. Kumbe tukio lenyewe lilikuwa watu wanaoharibu huku wakitengeneza.

#17 Karabai la Kibirizi (mleta uzi)

Mwalimu, Fundi, mmeniharibia uzi kwa uzuri.

Sasa najiuliza hapa. Kama mtu wa Kigoma angeiandika, grisi ingekaa vizuri kitabuni: mkono, harufu, fundi anawaza nini anapopaka, kurasa kumi. Lakini sinema? Injini iko chini ya maji miaka minane, gizani. Utaonyesha nini?

#18 Chupa ya Mawese

Mngepaka mawese ingetoka mpya kabisa.

#19 Kibanda Umiza

Huonyeshi injini, kaka. Unaonyesha mkono unapaka grisi mara moja, mwanzoni, karibu sana, mpaka mtu asikie inavyonata. Halafu meli inazama. Halafu ziwa tupu. Usiku, karabai za wavuvi zimetanda, wanavua dagaa juu yake na hakuna anayejua. Msimu unapita, karabai tena. Kila zikiwaka, mtafsiri wetu angesema, "Wanangu, ipo chini hapo." Watu sitini wanainamia skrini.

#20 Binti wa Gungu

Nimesisimka mikono. Na usiku mmoja mvuvi anavuta wavu, unakuja na grisi.

#21 Fundi Boti wa Katonga

Grisi ile haipandi na wavu dada, iko ndani ya silinda.

#22 Binti wa Gungu

Kaka Fundi, ni sinema!

#23 Fundi Boti wa Katonga

Sawa. Lakini iwe kidogo tu, kwenye kidole.

#24 Mzee wa Reli

Karabai, hicho kitabu bado unacho? Nakiazima.

#25 Karabai la Kibirizi (mleta uzi)

Ninacho mzee wangu. Jalada limetoka, na ukurasa wa mwisho una alama ya kikombe cha chai, nadhani ni ya yule mzungu. Jumamosi nitakuwa stesheni kupokea mzigo, nitakuja nacho. Mwalimu anakifuata baada yako, kashaniandikia pembeni.

#26 Mwalimu Mstaafu, Ujiji

Nimekuandikia pembeni ili iwe siri.

#27 Mgebuka Mbichi

Mimi wa tatu.